Ugonjwa wa kiwele umerudi mara ya tatu, dawa zimegoma. Ninunue ile sindano ya hospitali?

Mwalimu wa Kihamba (11 Agosti)

Wakuu, habari za asubuhi. Mimi ni mwalimu mstaafu, nipo Machame, wilaya ya Hai. Nina ng'ombe wa ndani wawili wa kukamua, Tausi na binti yake Kanga, na ndama mmoja. Mnisamehe kwa urefu. Nilifundisha hesabu miaka 32, sijui kutoa jibu bila kuonyesha njia.

Tausi ni chotara wa Friesian, yuko uzao wa nne. Alizaa tarehe 9 Februari. Daftari langu linasema mwezi Machi alikuwa ananipa lita 14 kwa siku, nane asubuhi na sita jioni. Leo asubuhi nimepata lita 4 na robo.

Mambo yalianza masika, wiki ya pili ya Mei, banda likiwa tope tupu. Nilikwenda msibani Rombo siku tatu, nikamwachia kijana wa jirani kazi ya kukamua. Niliporudi chuchu ya nyuma kulia ilikuwa inatoa maziwa yenye vibonge kama mtindi uliokatika, kiwele upande ule kina joto, na ukigusa tu Tausi anainua mguu. Nikaenda duka la dawa za mifugo. Sikuulizwa hata maziwa yanafananaje. Nikapewa tyubu tatu za kuingiza kwenye chuchu, moja kila baada ya saa 12.

Naungama mapema kabla hamjanibana. Tyubu ya kwanza niliigawa: nusu chuchu ya nyuma kulia, nusu ya nyuma kushoto, kwa sababu hiyo nayo nilikuwa naishuku. Ya pili niliingiza yote pale panapouma. Jioni yake maziwa yakatoka meupe safi, nikafurahi, nikaiweka ya tatu akiba. Iko kabatini hadi leo, kando ya birika la wageni.

Mwanzoni mwa Juni vibonge vikarudi. Kijana anayezunguka na pikipiki akamchoma penstrep siku mbili. Siku ya tatu hakutokea, na simu yake haikupatikana. Tausi akapata nafuu. Julai vikarudi tena, akaja mwingine na oksitetra ya asilimia 20, akachoma mara moja, akasema za siku zote tatu zimo humo humo. Hiyo ilikuwa tarehe 19 Julai. Sasa hivi homa hana, majani anakula vizuri tu, lakini ukibonyeza juu ya ile chuchu unakuta donge gumu kama kokwa la parachichi.

Swali langu. Jirani ananiambia dawa za mifugo ni dhaifu, nitafute seftriaksoni, ile ya unga wanayochomwa wagonjwa waliolazwa. Mwingine anasema nifungue vidonge vinne vya rangi mbili, vile vya ganda lenye unga, nikoroge na maji yaliyochemshwa, nisukume kwenye chuchu kwa bomba la sindano lisilo na ncha. Kati ya hizo, au nyingine mnayoijua, ipi ni kali kuliko hizi tatu nilizokwisha kutumia?

Na kaswali kadogo. Baada ya sindano ya Julai sikupeleka maziwa kituo cha kukusanyia, nilisubiri siku zilizoandikwa kwenye chupa. Ila kwa ubahili wangu nikatenga lita mbili za siku ya pili nigandishe mtindi wa kula mwenyewe. Siku tatu kwenye kibuyu, hayakuganda. Yamekaa tu yananitazama. Tangu niolewe sijawahi kukosa mtindi. Ni nini?

---

Ng'ombe Si Mbuzi (11 Agosti)

Pole mwalimu. Uzao wa nne, lita nne, dawa tatu. Hesabu hiyo hata mimi niliyefeli naiweza. Mwite mchinjaji, ongeza hela kidogo, nunua mtamba. Ukichinja unishtue, shingo ni yangu.

---

Sahani na Kipimo (11 Agosti)

Shikamoo mwalimu. Mimi nafanya kazi kwenye maabara ya mifugo, nashinda na maziwa ya watu kutwa nzima.

Naanza na mtindi, maana hapo umefanya kipimo bila kujua. Maziwa hugandishwa na bakteria wazuri wanaokula sukari ya maziwa na kutoa asidi. Oksitetra iliyotoka kwa Tausi imewaua au imewalaza. Kwa hiyo kibuyu chako kimekuambia kuwa dawa imo kwenye maziwa, na kuchemsha hakuiondoi kiasi cha kuitegemea. Viwanda navyo vinayakataa maziwa hayo kwa sababu hiyo hiyo, hayagandi. Usimpe ndama. Watu wengi wanaona ndiyo matumizi mazuri ya maziwa ya ng'ombe mgonjwa, kumbe unakwenda kulea wadudu sugu tumboni mwa ndama. Na wewe Ng'ombe Si Mbuzi, nyama nayo ina siku zake. Baada ya oksitetra ya muda mrefu husubiriwa wiki kadhaa, hiyo shingo tulia nayo.

Sasa hii habari ya dawa kali. Dawa za bakteria hazipangwi kwa ukali kama pilipili. Kila moja ina mahali inapomshika mdudu, na mdudu naye ana namna yake ya kuchomoka. Penisilini inamzuia asijenge ukuta wake. Wapo wanaotengeneza kimeng'enya kinachoikata penisilini vipande kabla haijagusa ukuta, na kwa hao hata umwage ndoo nzima ni bure. Oksitetra inaingia ndani ya mdudu na kusimamisha utengenezaji wa protini. Wapo wenye pampu ya kuitapika nje kila inapoingia. Penstrep ni penisilini na streptomisini. Hiyo ya pili ukiichoma msulini, inayofika kwenye kiwele ni kidogo sana. Kwa hiyo kama mdudu wa Tausi anakata penisilini, zile siku mbili za pikipiki mlikuwa mnachoma nyama ya paja.

Kwa ulivyoeleza, inapoa, inarudi, halafu donge, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni *Staphylococcus aureus*. Huyu ana tabia mbaya. Anajichimbia ndani ya kiwele, anajijengea utando wa ute, anaingia hata ndani ya chembe za mwili, na mwili ukijaribu kumzingira unamjengea kuta. Donge lako huenda ndiyo hizo kuta. Dawa inapita mtaani, yeye yuko ndani amefunga mlango. Ndiyo maana maziwa yanasafika siku mbili tatu, unadhani kapona.

Ile tyubu uliyoigawa: dawa ikiwa nusu, wanaokufa ni wale dhaifu, waliobaki wanazaliana na nafasi wanayo. Wengine wanapeana usugu wao kwa wao, wanahamishiana kipande kidogo cha vinasaba kama watoto wanavyonakiliana majibu ya mtihani. Hilo unalijua kuliko mimi. Lakini usijibebeshe yote. Inawezekana mdudu alifika akiwa na usugu wake tayari, mkononi mwa kijana au kwenye kitambaa cha kufutia.

Seftriaksoni, tafadhali usiguse. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye kundi la dawa za kulindwa kwa ajili ya binadamu kabla ya zote. Ukimpa ng'ombe, haiishii kwenye kiwele. Bakteria wa tumboni mwake nao wanaionja, wanaozoea wanatoka na samadi, samadi inakwenda kwenye migomba na mchicha wako. Na hiyo rangi mbili ya kukoroga ni hatari ya namna nyingine: unga wa kidonge si safi wa kuingizwa kwenye chuchu, unaweza kumpelekea fangasi. Kiwele kikishapata fangasi, hizi dawa zote tunazozitaja hazina kazi.

Fanya hivi. Kwa kuwa sindano ya mwisho ni ya 19 Julai, sasa sampuli inafaa. Osha mikono, osha chuchu, kausha. Kamua mara tatu za kwanza ukamwage mbali, si sakafuni pale anapolala. Chukua pamba yenye spiriti ufute ncha ya chuchu, rudia na pamba mpya hadi itoke nyeupe. Kichupa kisafi kutoka maabara ukilaze mshazari, kifuniko ukishike mdomo chini, kamua kidogo tu, funga. Andika jina la ng'ombe, chuchu ipi, tarehe. Weka kwenye barafu, na kifike kabla ya siku kwisha. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania wana kituo Arusha, kwako ni safari ya asubuhi. Piga simu kwanza uulize siku wanazopokea.

Wakimwotesha huyo mdudu, watampaka kwenye sahani nzima kisha watapanga juu yake vidonge vya karatasi, kimoja kimoja na dawa yake, vidogo kama kifungo cha shati la mtoto mchanga. Kesho yake sahani imefunikwa na ukungu wa wadudu, na kuzunguka kila kidonge kinachofanya kazi pana duara tupu. Tunalipima kwa rula, milimita kwa milimita. Kisichofanya kazi wadudu wanaota mpaka wanakigusa. Omba uione, utaipenda, ni hesabu tupu.

---

Mpanda Mlima wa Ludewa (12 Agosti)

Hayo ya Arusha ni yenu mliokaribu na lami. Mimi nipo Ludewa, barafu ikifika Iringa imeshakuwa chai. Daktari wa mifugo wa karibu yuko kata ya tatu kutoka kwangu. Sisi tufanyeje, tusali?

---

Sahani na Kipimo (12 Agosti)

Una haki ya kulalamika, sitakuambia vinginevyo. Kwanza, sampuli inaweza kugandishwa kwenye friza la duka lolote na kusafiri ikiwa jiwe, siyo lazima ifike siku ile ile. Kwa wadudu wengi inakubali.

Pili, unaweza kujua mapema bila maabara. Kile kipimo cha ugonjwa wa kiwele kiitwacho CMT, kilichotoka California mwaka 1957, msingi wake ni sabuni tu. Yeyusha gramu 3 za sabuni ya unga kwenye mililita 100 za maji, changanya na maziwa kiasi sawa kwenye kisahani, zungusha kama dakika moja. Yakiwa mepesi, chuchu salama. Yakishikana kama uji wa mlenda, kuna chembe nyeupe za damu nyingi, maana yake mwili unapigana. Pima kila chuchu peke yake. Haitakuambia mdudu ni nani wala dawa gani, ila itakuambia wa kumkamua mwisho ni nani.

Na si kila kiwele kinachovimba kinataka dawa. *E. coli* wa kwenye samadi akiingia kwa upole, ng'ombe mwenye nguvu mara nyingi anamfukuza mwenyewe ukimkamua kila baada ya saa chache. Akiacha kula, akilala, masikio yakawa ya baridi, hapo usingoje, tafuta mtu usiku huo huo. Ukishaanza dawa, maliza idadi. Ikishindwa, usirudie ile ile kwa jina lingine la duka. Soma maandishi madogo chini ya jina, dawa ni moja makopo kumi.

---

Mmasai wa Jutland (14 Agosti)

Salamu kutoka Denmark. Nakamua huku mwaka wa saba sasa, ng'ombe 210, mashine kila mahali, na Staph aureus tunaye vilevile. Msidhani ni ugonjwa wa banda la miti.

Tofauti niliyoiona ni kwamba bosi wangu hawezi kwenda dukani akanunua tyubu. Lazima daktari aandike. Hata ng'ombe anayekaushwa, yaani anayeachishwa kukamuliwa kabla ya kuzaa, hapewi dawa mpaka maziwa yake yapimwe, na tangu 28 Januari 2022 Umoja wa Ulaya wote umekataza kuzipa dawa za bakteria kundi zima kwa mazoea. Na mara nyingi wanaanza na penisilini ya kawaida kabisa, siyo hizo za majina marefu. Nilipofika nilishangaa, matajiri hawa wanatumia dawa ya babu yangu. Kumbe wadudu wao wengi bado inawaua, ndiyo faida ya kuibania.

Mwenye Staph aureus anafungwa mkanda mwekundu mguuni. Anakamuliwa mwisho. Akishindwa kupona, chuchu ile inaachwa, anakamuliwa tatu. Nimeona ng'ombe wa chuchu tatu akimshinda wa nne.

---

Mwalimu wa Kihamba (27 Agosti)

Marahaba mwanangu wa maabara, na ahsanteni wote. Nimerudi na majibu.

Nilikwenda Arusha na kibaridi cha soda cha mjukuu mapajani, kondakta akaniuliza kama nauza barafu. Nilichukua chuchu zote nne za Tausi, na baada ya kusoma habari ya sabuni nikampima Kanga pia. Kanga ni uzao wa kwanza, maziwa yake ni meupe, sikuwahi kumshuku. Chuchu ya mbele kushoto ikavutika kama mlenda. Nilikaa chini kwenye ndoo.

Majibu: Tausi nyuma kulia, *Staphylococcus aureus*. Kanga mbele kushoto, huyo huyo, na duara zao zinafanana. Waliniruhusu kuiona sahani. Penisilini, wadudu wameota mpaka wamekibusu kidonge. Oksitetra hivyo hivyo. Kundi la kloksasilini, duara zuri la mviringo, ningelipa vema kama ningekuwa nasahihisha. Gentamisini nayo imefyeka. Nikasema basi, tumeshapata dawa mbili. Daktari akaniambia, mama, kwenye sahani mdudu amelala uwanjani, hana pa kujificha. Ndani ya lile donge ni habari nyingine. Na gentamisini hakuitaka kabisa, anasema inakaa kwenye figo za ng'ombe muda mrefu mno.

Nilikuwa nimebeba ile tyubu ya akiba kwenye mkoba, nikamwonyesha. Akasoma maandishi madogo. Ni ya ukoo wa penisilini, wale ambao mdudu huyu anawakata. Kwa hiyo miezi mitatu nimekuwa nikijilaumu usiku kwa kuigawa ile ya kwanza, na hata ningezitia zote tatu kwa saa yake, kwa mdudu huyu huenda ningekuwa nimemwogesha tu. Sijui nifurahi au nikasirike. Nimekasirika. Ameichukua akaiharibu yeye mwenyewe huko wanakoharibu.

Maamuzi. Tausi chuchu ile hatupigani nayo tena. Uvimbe umetulia, tunaiacha bila kukamua ijikaukie, nitakamua tatu. Ana mimba, tutamkausha Desemba, na siku hiyo daktari atatia kloksasilini ya kukaushia kwenye zile tatu. Kanga ndiye mwenye matumaini, ni kijana na ugonjwa ni mpya. Ameanza tyubu za kloksasilini, idadi nzima kama alivyoandika daktari, na maziwa namwaga shimoni hadi siku zote za kwenye lebo ziishe. Atapimwa tena baada ya wiki nne, kisha tena, maana wameniambia mdudu huyu siku nyingine anajificha sampuli inatoka safi.

Chanzo nadhani nimekiona. Nilikuwa nina kitambaa kimoja, kipande cha kanga kuukuu, nikiwafuta nacho wote wawili, asubuhi na jioni, kwa maji yale yale. Nilijiona msafi. Sasa kila mmoja na kitambaa chake, vinachemshwa, na baada ya kukamua nachovya chuchu kwenye dawa ya iodini. Kisha nawawekea majani wasimame hadi tundu la chuchu lifunge, kama nusu saa hivi.

Limebaki jambo moja, msinicheke. Tangu azae mara ya kwanza Tausi ndiye anayekamuliwa mwanzo. Sasa namkamua mwisho. Akiona ndoo inampita inakwenda kwa Kanga analia mpaka majirani wa kihamba cha juu wanatoka, jana amepiga teke mbao mbili za banda. Na akishakasirika hivyo maziwa hayashuki. Mnafanyaje?

---

Mmasai wa Jutland (27 Agosti)

Mwekee pumba kwenye kihori chake kabla hujaigusa ndoo. Na ndoo uingize kwa mlango wa upande wa Kanga, asiione.

---

Ng'ombe Si Mbuzi (27 Agosti)

Kwa hiyo shingo ndiyo basi?